Lugalo 1891 mezani: imejaribiwa Dodoma

Mchezo huu wa vita wa sanamu, wa shambulio la Wahehe dhidi ya msafara wa Wajerumani huko Lugalo, karibu na Iringa, Agosti 17, 1891, unatosha wachezaji wanne na meza ya sentimita 180 kwa 120. Sanamu moja ni watu kumi: kuna sanamu 32 za askari wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pamoja na wapagazi na punda; Wahehe ni vikaratasi vilivyofunikwa vichakani. Kasoro kubwa ni Maxim, bunduki ya rashasha ya Wajerumani. Kanuni zinairuhusu kufyatua zamu ya pili, wakati siku ile ilikuwa bado mgongoni mwa punda! Mjerumani apewe zamu tatu za kuishusha, kisha dadu itoe 5 au 6 ndipo ifyatue. Wapagazi wanaokimbia wabaki njiani, waizibe. Nyasi za katani safi sana. Ila upepo wa Dodoma huangusha sanamu za plastiki. Gundisha sarafu chini ya kitako.