Kulizungusha pindo la kanga kwa Inkscape

Inkscape ni programu huria ya michoro ya vekta, yaani michoro inayoundwa kwa mistari na maumbo badala ya vidoa vya rangi, inapatikana bila malipo kwa Windows, macOS na Linux, na mimi nimeitumia kwa kazi ambayo huonekana ndogo mpaka mtu aijaribu: kuchukua ruwaza iliyonyooka na kuilaza juu ya mstari uliopinda. Kazi yangu ilikuwa nembo ya duara ya kikundi cha mafundi cherehani, ambao walitaka jina lao lizungukwe na pindo la kanga ya kisutu lenye rangi zake tatu, yaani nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Programu hii ina vifaa viwili vyenye jina lilelile la Pattern Along Path, na hapo ndipo wageni wengi hupotea. Cha kwanza kimo miongoni mwa athari za njia (njia ni mstari unaounda umbo), nacho ni hai, kwa maana kwamba ukiisogeza nodi moja ya mstari, yaani moja ya nukta zinazoushikilia, ruwaza nayo hujipinda papo hapo. Raha hiyo, hata hivyo, ina gharama yake, kwani kifaa hiki hukubali njia moja tu kuwa ruwaza, na njia moja hujazwa rangi moja. Korosho yangu, yaani umbo la pindo linalofanana na korosho, nyekundu yenye kiini cheusi, ilitoka imekuwa doa la rangi moja. Cha pili kimo katika menyu ya Extensions, nacho hupokea kundi zima la maumbo, kila umbo na rangi yake, mradi ruwaza iwe juu ya mstari inaoufuata katika mpangilio wa matabaka ya mchoro. Matokeo yake hayafuati tena mstari ukiuhariri baadaye, hivyo ni lazima ubaki na nakala ya ruwaza iliyonyooka. Kwa kazi ya kanga nakichagua hiki cha pili bila kusita, hasa kwa sababu ya chaguo lake la kurudia na kunyoosha, ambalo hupanga korosho kwa idadi kamili na kuzivuta kidogo ili duara lifunge bila kuacha pengo.

Mchoraji anapaswa kujua kinachotokea ndani. Umbali wa kila nukta kwa urefu wa ruwaza hupimwa upya kwa kufuata mstari, na kimo chake hugeuka kuwa umbali kutoka kwenye mstari huo. Ukiwa na duara la nusu kipenyo cha sentimita 10 na pindo la upana wa sentimita 4, mzingo wa katikati ni sentimita 62.8, wa nje 75.4 na wa ndani 50.3. Maana yake ni kwamba ukingo wa nje hutanuka kwa asilimia 20 na wa ndani husinyaa kwa kiasi hichohicho. Korosho huvumilia mabadiliko hayo vizuri, lakini vidoa vya duara huharibika waziwazi, na kwenye kona kali upande wa ndani hujikunja na kujilalia. Nilipunguza upana wa pindo hadi sentimita 2.5, na sura yake ikatulia.

Tatizo lililonichelewesha zaidi lilikuwa mistari mirefu ya ukingoni. Kifaa cha pili huhamisha nodi na vishikio vyake (vinavyoamua mpindo wa mstari) tu, kwa hiyo mstari wenye nodi mbili, moja kila mwisho, hubaki umenyooka na kukata duara kama kamba ya upinde. Dawa ni kuongeza nodi kabla ya kupinda, na amri ya kufanya hivyo imo katika menyu hiyohiyo. Ingefaa sana kifaa chenyewe kimwonye mtumiaji.

Kwa picha ya kamera, vifaa hivi havifai. Picha ya pikseli, yaani ya vidoa vidogo vya rangi, haipindiki mpaka igeuzwe kuwa vekta kwa Trace Bitmap, amri ya Inkscape ya kufuatisha picha, na hapo kanga iliyopigwa picha hutoka na kingo zenye mikwaruzo na nodi nyingi mno, kiasi cha kuilemea kompyuta ndogo. GIMP, programu ya kuhariri picha, ina kichujio cha Curve Bend kinachopinda pikseli moja kwa moja, lakini hufuata mikunjo inayochorwa ndani ya dirisha lake, si njia uliyoichora kwenye turubai. Kwa sababu hiyo nililichora pindo upya kwa mkono, korosho moja tu, nikaiachia Inkscape kazi ya kuirudia.