Diski niliyouziwa Kariakoo, na lile neno "kamwite mumeo"

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika nazo.

Mimi napiga picha za harusi hapa Dar. Kicheni pati, sendofu, ndoa yenyewe, ukumbini mpaka saa nane za usiku. Harusi moja yenye kamera mbili narudi nyumbani na picha elfu tatu za RAW, yaani faili ghafi za kamera, na kwa kamera zangu kila picha ni kama megabaiti 40. Hiyo ni gigabaiti 120 kwa bi harusi mmoja. Ndiyo maana sebuleni kwangu kuna seva ndogo yenye diski mbili zinazobeba kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ibaki na picha za watu.

Mwaka jana, msimu umepamba moto, sikumbuki kama ilikuwa Novemba au Desemba imeshaingia, moja ikafa. Nikaenda Kariakoo, duka ambalo sitalitaja. Nikamwambia kijana wa kaunta: kaka, nataka diski ya terabaiti 4 ya kuweka kwenye seva, itafanya kazi usiku na mchana. Nilisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Akatoa moja, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akanakili sinema mbele yangu. Ikapita kama maji. "Umeona dada'ngu? Chuma hicho." Nikalipa laki tatu na ushee, nikaondoka nimeridhika.

Nyumbani seva ikaanza kuhamishia data kwenye diski mpya kutoka kwenye ile nzima. Saa za mwanzo kasi ilikuwa nzuri. Nilipoamka asubuhi imeshuka mpaka nikadhani macho yangu yana kasoro, na muda uliobaki ulikuwa unahesabiwa kwa siku. Siku ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Siku ya nne seva ikaitoa kabisa, kwamba diski haijibu.

Naomba mnielewe siku nne hizo zilikuwaje. Picha zote za msimu zilikuwa kwenye diski moja iliyobaki, nayo inasomwa mfululizo bila kupumzika. Humo kulikuwa na picha ya bibi mmoja aliyeletwa kutoka Songea kumwona mjukuu wake akiolewa, kashika uso wa bi harusi kwa mikono miwili. Kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta na kuzitumia kwenye harusi iliyofuata. Kila umeme ulipocheza nilisimama mbele ya lile kasha kama anayeuguza mgonjwa.

Kumbe niliuziwa diski ya aina iitwayo SMR. Diski ya CMR, ambayo ndiyo seva inayoitaka, huandika data kwenye njia zilizo kandokando, kila njia na nafasi yake. SMR njia zake zimelaliana kama makuti ya paa, ili zienee nyingi mahali padogo. Sasa jaribu kubadilisha kuti la katikati: lazima uyafunue ya juu yake, uweke jipya, uyarudishe yote. Ndivyo diski hii inavyohangaika kila inapoandika upya mahali palipokwisha kuandikwa. Ili kuhangaika huko kusionekane, ina sehemu ya kupokelea mzigo haraka haraka, halafu huupanga baadaye ikitulia. Sinema moja ya dukani inaenea humo na nafasi inabaki. Gigabaiti 120 zinaweza zisienee, na terabaiti kadhaa za kujaza kwa mkupuo mmoja ndiyo usiseme. Kwa hiyo lile jaribio la dukani halikuthibitisha kitu chochote.

Nikarudi. Yuleyule kijana. Nikaanza kumweleza habari ya SMR, hata sijamaliza sentensi akanikata: "Dada, diski ni diski. Kamwite mumeo aje nimweleze, haya mambo ya kiufundi yatakuchosha." Mbele ya wateja. Seva ile nimeifunga mwenyewe, programu zake nimeweka mwenyewe, tena sina mume wa kuitwa. Akanionyesha maandishi chini ya risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akageukia mteja mwingine.

Natoka mlangoni, mzee mmoja wa mlemle dukani akanifuata, akaniandikia herufi tatu kwenye kipande cha boksi: CMR. "Uliza hivi, mwanangu, na uangalie namba ya modeli kabla ya kulipa." Alikuwa sahihi. Mwaka 2020 ilibainika kwamba hata watengenezaji wakubwa walikuwa wanauza SMR bila kuwaambia wanunuzi, na baada ya kelele wakatoa orodha za modeli zao zinazoonyesha ipi ni ipi. Ni suala la dakika mbili kwenye simu.

Nikanunua CMR duka jingine. Seva ikamaliza kazi usiku mmoja. Nikashusha pumzi, nikaanza kuvuta picha za harusi kwenye laptopu ili niediti: megabaiti 11 kwa sekunde. Kumi na moja! Kasi ileile iliyokuwa inanikera miezi mingi, na ambayo siku za karibuni lawama yake nilikuwa nimeshaitupia ile SMR.

Hapa lazima niseme ukweli. Ilikuwa waya. Waya wa mtandao uliopita chini ya mlango ulikuwa umebanwa, nyuzi zake mbili zimekatika ndani, na swichi, kile kiboksi kinachounganisha waya za mtandao, ikashuka kimyakimya kutoka megabiti 1,000 mpaka 100. Gawa kwa nane, upate megabaiti zako kumi na mbili na nusu, na kwa matumizi ya kweli hubaki kumi na moja hivi. Nikaweka waya mpya wa Cat6, nikaupitisha juu ya fremu ya mlango, na sasa napata 110. Katalogi ya Lightroom, programu ninayohaririia picha, iko kwenye SSD, ile diski ya kasi iliyo ndani ya laptopu, maana kwenye diski ya mtandao haikubali kufunguka, na harusi ninayoifanyia kazi nayo huikalisha hapohapo kwenye SSD mpaka nimkabidhi mteja. Seva imebaki kuwa ghala. Kazi ya siku tatu naimaliza kwa moja na nusu.

Kwa hiyo diski ile niliionea kwa upande wa waya, na nilikuwa niwape nyota tatu. Hata leo ninayo, naichomeka mara moja kwa mwezi kunakilia harusi za zamani, na kwa kazi hiyo ya kuandika mara moja na kuacha haijanisumbua.

Lakini ngoja. Kuhamisha data kutoka diski moja kwenda nyingine kunafanyika ndani ya seva yenyewe, waya wa mlangoni hauhusiki hata kidogo. Zile siku nne zilikuwa za diski peke yake, na diski niliiomba kwa maneno yanayoeleweka. Na hata kama yeye hakujua tofauti, angesema hajui, ningemheshimu. Alichagua kuniambia nikamwite mume.

Nyota moja, na ni ya yule mzee aliyenifuata mlangoni.