Fundi wa boksi la sabufa aliyeniambia bomba ni urembo

Nianze na mazuri, nisije nikaonekana nina chuki. Useremala wa huyu fundi ni safi. Maungo yamebana, gundi imejaa kila kona, zulia limelala bila mkunjo, na ukigonga ubavu wa boksi unasikia mbao nzito isiyotikisika. Kwa hayo tu ningempa nyota nne. Sasa tuje kwenye bomba, yaani ule mrija wa kupitishia hewa unaotoka ndani ya boksi hadi nje.

Nilimpa maelezo kwa maandishi. Ujazo lita 50, baada ya kutoa nafasi inayoliwa na spika na bomba lenyewe. Bomba moja la mduara, kipenyo sentimita 10, tyuni (masafa ambayo hewa ya bomba inatikisika kwa nguvu zaidi) hezi 35, yaani mitetemo 35 kwa sekunde. Kwa vipimo hivyo bomba linatakiwa liwe na urefu wa sentimita 31 hivi, na namba hiyo niliiandika, nikaipigia mstari. Siku ya kuchukua boksi nakuta bomba la sentimita 15. Nusu! Kumuuliza, akacheka mbele ya wateja wengine: "Mdogo wangu, hilo ni tundu la kupumulia, urembo tu. Kinachopiga ni sabufa. Mimi naunda maboksi tangu wewe hujaota meno."

Maneno hayo bado yananichoma, kwa sababu si kweli. Hewa iliyomo ndani ya bomba ina uzito, na hewa iliyofungiwa kwenye boksi inaisukuma na kuivuta kama springi. Puliza mdomo wa chupa, utasikia jambo hilohilo. Bomba likirefuka, tyuni inashuka. Likifupishwa au likipanuliwa, inapanda, ndiyo maana anayetaka bomba pana hulazimika pia kulirefusha. Na kwenye masafa ya tyuni koni ya spika, ile sehemu ya mbele inayotikisika, karibu inasimama kabisa, sauti kubwa inatokea kwenye bomba. Hapo kinachopiga ni hicho alichokiita urembo!

Kwa bomba lake fupi, tyuni ilipanda hadi hezi 46 hivi. Nilihakikisha kwa kupiga toni mojamoja kwa sauti ya chini huku nikiitazama koni: ilitulia karibu na 46, kwenye 35 ilikuwa inaenda mbio. Nikamwomba aje aone kwa macho yake. Hakutaka.

Sasa sikiliza hasara yake. Kila wimbo ulikuwa na besi ya noti moja inayobweka, na chini ya hapo hakuna kitu. Halafu chini ya tyuni ile springi ya hewa haiishiki tena koni, inabaki kurukaruka yenyewe. Filta yangu ya kuzuia masafa ya chini mno ilikuwa imewekwa kwa boksi la 35, kama inavyopaswa. Kwa boksi la 46 ilikuwa inapitisha noti zilezile zinazoua spika. Nikasikia koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ikigonga nyuma, ko ko ko. Nilizima haraka, moyo unanienda mbio.

Nilinunua bomba jingine, la urefu sahihi, lenye midomo iliyopanuliwa ili upepo usipige mluzi, nikaliacha mbali na ukuta wa nyuma kwa zaidi ya kipenyo chake. Jamani! Boksi ni lilelile, mbao ni zilezile, lakini besi inashuka hadi unaisikia kifuani, na kila noti inajitegemea. Nilikuwa nimeshaandika nyota moja, nikafuta nikaweka tatu, kwa kuwa bila ule ubanaji wa maungo yake nisingepata sauti hii.

Lakini nikiongeza sauti kidogo, koni inakwaruza. Haikuwa ikikwaruza kabla ya boksi lake. Nimempelekea ujumbe, ameusoma, kimya. Basi narudisha nyota moja, na ibaki hapohapo. Ukienda kwake mpe kazi ya mbao tu, na bomba likate mwenyewe.