Meza ya kula kwenye meli ya kruzi: nazipanga kuanzia ya kugombania mpaka ya kukataa

Watu wakinunua kruzi, yaani safari ya starehe ya siku kadhaa melini, wanahangaika na chumba tu, chenye balkoni au kisicho na dirisha, halafu meza ya chakula cha usiku wanaiacha ijipange yenyewe, na hiyo ndo mtakaa saa nzima na nusu kila usiku kwa wiki nzima. Mi nimeshapanda mara nne kutokea Galveston, huku Texas, mara mbili na mama, na siku hizi meza naishughulikia siku ileile ninayolipia.

Kwanza jua unachonunua. Kampuni za meli za Carnival na Royal Caribbean wanakupa njia mbili. Kuna muda maalum, yaani zamu ya kwanza kwenye saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili jioni na ya pili kwenye saa mbili usiku, meza ileile na wahudumu walewale safari nzima. Na kuna muda huru, unakwenda ukisikia njaa unakaa utakapopangiwa. Norwegian tangu 2000 wameachana na meza za kudumu. Disney ukumbi unabadilika kila usiku ila wahudumu wanahama na nyie, na kwenye meli ya Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard ukumbi unafuata aina ya chumba ulicholipia.

Namba moja kwangu ni meza ya kudumu ya watu wanne au sita, sakafu ya chini ya ukumbi, karibu na katikati ya meli kadiri inavyowezekana. Meli ikipigwa na mawimbi ncha zake ndo zinapanda na kushuka, katikati kunatulia, na aliye chini anayumba kidogo kuliko aliye juu. Shida ni kwamba kumbi nyingi ziko nyuma kabisa, na huko unasikia mpaka mtetemo wa mashine. Safari ya kwanza na mama tulikaa huko nyuma, usiku wa pili bahari ikachafuka, supu yake ikawa inakwenda ukingo huu inarudi ukingo ule na yeye ameshika bakuli kwa mikono miwili, hakula akaomba arudi chumbani.

Halafu mhudumu, hapo ndo meza ya kudumu inalipa. Safari iliyofuata tulipata kijana beji yake imeandikwa Kenya, akamwamkia mama shikamoo, mama akafurahi mno, na kuanzia usiku wa pili tukifika tu glasi ya maji ya uvuguvugu bila barafu ishawekwa upande wake, hakuna aliyeomba. Kwenye muda huru hiyo huipati, labda uombe kila siku sehemu anayohudumia mtu yuleyule, na utasubiri foleni.

Namba mbili, meza ya dirishani, ila zamu ya kwanza tu na miezi ya jua. Zamu ya pili nje giza totoro, kwenye kioo unaona taa za ukumbi na sura yako basi, usigombanie.

Ya tatu ni meza kubwa ya watu nane au kumi na wageni. Aliye peke yake namshauri aichukue kabisa ila iwe ya duara, ile ndefu unaongea na wawili watatu tu waliokuzunguka. Ya nne ni meza ya wawili. Ni chache, zinawahiwa, na meli nyingi wanazipanga mstari mmoja zimeachana kiganja tu, kila neno la jirani unalisikia.

Ya kukataa kabisa: mlango wa jikoni, kabati la wahudumu la vyombo, na chini ya ngazi. Mi nimekaa mlangoni hapo, matrei yamerundikwa sahani yanapita juu ya bega lako, mlango unafunguka kila sekunde na kelele za vyombo zinamwagika zote mezani, mwanangu aliziba masikio.

Sasa kuipata: ombi liandikwe kwenye bukingi, useme na sababu, mzee, mtoto, mtu wa magongo. Meza ukiipata kwenye programu ya simu kabla ya safari, angalia ramani ya deki, yaani ghorofa za meli, ujue iko wapi. Haikufai? Siku ya kupanda, kabla hata hujaenda bufee, nenda ukumbini umwone mkuu wa wahudumu, mchana ule huwa ana masaa ya kubadilisha meza, ongea naye kwa adabu. Ukichelewa mpaka usiku wa pili meza nzuri zishakwisha.

Na wanaotaka nyama halali wasingoje mezani, kampuni iambiwe wiki kadhaa kabla, halafu usiku wa kwanza mkumbushe mhudumu wenu.