Safari ya uvuvi na wazee wa Shela: tathmini kwa anayefikiria kwenda

Safari za uvuvi kwa mashua ambazo wageni huuziwa kwenye gati la Lamu na ufukweni Shela, kijiji cha kisiwa hichohicho, hutangazwa kwa maneno yaleyale: utavua samaki wako mwenyewe, utaokewa samaki huyo kwenye mchanga wa kisiwa cha Manda, na utarudi jua linapotua. Kwa kipimo hicho huduma hii ni ya wastani tu. Samaki wanaonaswa kwa mshipi wa mkono kando ya mikoko wengi wao ni changu na chewa wachanga, na mtu aliyezoea kuvua nguru au jodari anaweza kurudi amenuna. Kilichonifanya niipe alama za juu ni watu wanaoiendesha, hasa wazee walioacha uvuvi wa mbali na ambao sasa huketi tezini, nyuma ya chombo, mmoja ameshika usukani na mwingine anasimulia. Ukipata mashua yenye vijana watupu, umelipia matembezi ya majini na basi.

Nahodha tuliyempata ni mzee mkavu, asiyecheka, ambaye hutazama maji kwanza ndipo akujibu. Tulipomwuliza tutaondoka saa ngapi, naye alituuliza mwezi ni wa ngapi, yaani leo ni siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Hesabu yake ni nyepesi na mtu yeyote anaweza kujifunza: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa sana, hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne, kisha kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50, hata ikifika robo ya mwezi, wakati wa maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, mambo yanakuwa yamegeuka na saa nne ndiyo saa ya kujaa. Nililinganisha maneno yake na jedwali lililochapishwa na tofauti ilikuwa ndogo mno kumsumbua mvuvi. Kwa mteja jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu mkondo wa Mkanda, unaotenganisha Manda na bara, hukauka maji yakipwa, na chombo kinachotaka kupita kuelekea kisiwa cha Pate hakina budi kungoja. Madalali wa gatini huahidi saa yoyote unayoitaka. Nahodha wa kweli atakukatalia, na ukikataliwa hivyo ujue umepata mtu anayefaa.

Mwenzake ni kinyume chake kabisa. Huyu ni mzee wa malema, yaani mitego ya samaki ya kusukwa, mcheshi, mwepesi wa kutia chumvi, na ndiye aliyetustarehesha zaidi. Lema lake, lililosukwa kwa fito nyembamba na kuwekewa mwani ndani ili kuwavuta tasi, lilikuwa chini ya maji bila boya wala alama yoyote juu, kwa kuwa anasema boya humwalika mwizi. Alilipata kwa kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu kila upande: mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela ukikaa sawa na kilele fulani cha mchanga, na upande wa pili mti mmoja ukifunika mwingine, mistari hiyo miwili inapokutana, hapo ndipo anapozamisha ndoana yake na kulivuta. Sikuwahi kuona somo la jiometri likifundishwa kwa raha namna ile, na kijana wa tanga, ambaye bila shaka amelisikia mara nyingi, alikuwa bado anasikiliza.

Visa vyake vinahitaji kuchujwa. Alitusimulia papa aliyeifuata mashua yao kutoka Kiunga hadi Kizingitini, papa wa pima nne kwa madai yake, na nahodha akasema bila kugeuka, "Mwaka jana alikuwa wa pima mbili." Lakini kile kilichoonekana kuwa uongo mkubwa kuliko vyote ndicho cha kweli. Alieleza jinsi wazee wake walivyomfunga samaki aina ya chazo kamba mkiani na kumwachilia karibu na kasa, ili ajibandike kwenye gamba lake na wavuvi wamvute kasa huyo taratibu hadi chomboni. Njia hiyo ilitumika kweli katika pwani hii, na wageni waliiandika tangu karne ya 19. Chazo ana kibandiko juu ya kichwa, ambacho asili yake ni pezi la mgongoni, na huwa haachii kwa urahisi. Siku hizi ni simulizi tu, kwani sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inawalinda kasa, na mzee mwenyewe alilisema hilo kabla hatujamwuliza.

Kuhusu majira, wote wawili walikubaliana, jambo ambalo halikutokea mara nyingi siku ile. Walinukuu usemi wa mabaharia kwamba Kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kisha wakaanza kubishana ni miaka gani usemi huo uliwaangusha. Mabishano ya aina hii ni sehemu ya huduma na ningeshauri yasikatizwe.

Mazungumzo yalibadilika tulipokaribia upande wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwezi Mei 2021. Hapo mcheshi alinyamaza na nahodha ndiye aliyezungumza, akitaja moja baada ya jingine maeneo ambayo zamani yalivuliwa kwa vyombo vidogo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi walioathirika walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mgeni asiyejua habari hii atadhani wazee wanalalamikia maendeleo kwa mazoea, ilhali wanachosema ni kwamba mvuvi wa mashua hawezi kuhamia bahari kuu kwa sababu tu ameambiwa ahamie. Nilijifunza mengi katika saa ile kuliko katika taarifa nyingi nilizosoma.

Kasoro zipo. Majaketi ya kuokolea yalikuwa machache kuliko abiria na mengine yamechanika mikanda; dai upewe lako kabla ya kupanda, na likikosekana usiende. Chakula kilichelewa, ingawa samaki wenyewe walipikwa vizuri. Baadhi ya mashua huwasha injini mara upepo unapolegea kidogo, na mlio wake humaliza mazungumzo yote, kwa hiyo patana mapema kwamba mtasafiri kwa tanga. Wakati wa kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, bahari ya nje ya mlango wa Shela huchafuka sana, na safari hubaki ndani ya mikondo. Anayetaka kutoka nje angoje kaskazi, baina ya Desemba na Machi.

Jambo la mwisho ni malipo. Bei hupatanwa, na dalali hujiwekea sehemu yake kabla wazee hawajaguswa na chochote. Mara nyingi pia huahidi kwamba mzee fulani atakuwepo, kisha asubuhi ukamkuta mpwa wake. Njia bora ni kwenda ufukweni Shela jioni, vyombo vinaporudi, umwamkie nahodha mwenyewe, umwulize mwezi ni wa ngapi na maji yatajaa lini, na kama atakujibu bila kutazama simu, patana naye palepale na umlipe mkononi siku ya safari.