Dawa ya kusafishia injini kwenye SanLG ya zamani: uzoefu wangu

Nimetumia kichupa cha dawa ya kusafishia injini kwenye pikipiki yangu ya SanLG ya cc 125, niliyoinunua mwaka jana ikiwa imeshatumika miaka mingi. Kabla ya kununua dawa nilitafuta mtu wa kunieleza inafanya nini hasa ndani ya injini za aina hii, sikumpata. Ndiyo maana naandika.

Naendea kazini, Kihonda hadi Mzumbe, huku Morogoro, na kurudi, kila siku ya shule. Nilipoichukua ilikuwa inawaka vizuri, ila ilichemka haraka na valvu ziligonga hata baada ya kusetiwa. Kifuniko cha kuwekea oili kilikuwa kimegandwa kwa ndani na kitu cheusi kizito, kama masizi yaliyokorogwa na grisi. Oili ya kwenye kipimo ukiisugua kwa vidole unasikia chembe. Baadaye niliambiwa aliyekuwa nayo alikuwa akiongeza tu oili inapopungua. Kumwaga, hamwagi.

Fundi wa kwanza alitaka tuweke dizeli, tuwashe dakika chache, tumwage. Nilikataa, na bado nakataa. Dizeli ni nyepesi mno kulinda beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, yaani shafti kuu ya injini) wakati injini inazunguka, na haitoki yote ukimwaga. Inayobaki pembeni inakwenda kuchanganyika na oili mpya.

Dawa nilinunua shilingi 14,000. Nilihakikisha imeandikwa ni ya pikipiki ambazo klachi inalowa kwenye oili. Hapo msifanye haraka: kwenye injini hizi oili ni moja, kama lita moja hivi, na hiyohiyo inahudumia pistoni, gia na klachi. Dawa ya gari inaweza kuzifanya sahani za klachi ziteleze, ukapoteza nguvu kila mlima.

Nilizunguka mtaani hadi injini ikapata moto, nikamimina dawa kwenye oili ya zamani, nikaiacha iungurume taratibu dakika 10 bila kuingiza gia wala kuvuta mafuta. Kisha nikafungua nati ya chini oili ikiwa bado ya moto. Ilitoka nyepesi, nyeusi tii, na mwishoni vikafuata vipande laini kama ngozi ya maziwa. Chujio la waya lilikuwa limezibwa karibu nusu. Nilifurahi sana siku hiyo. Nikaweka oili mpya ya 20W-50 yenye alama ya JASO MA, yaani inayofaa klachi inayolowa kwenye oili, na ndani ya siku mbili kifuniko kilikuwa kisafi kwa ndani.

Lakini baada ya kama kilomita 200 oili ikarudi kuwa nyeusi, na joto likawa lilelile.

Nikampelekea fundi mwingine, mzee aliyeanza kazi enzi za Honda CG125, injini ambayo hizi za Kichina zimeiga. Akaniuliza, "Mwalimu, kikombe umesafisha?" Sikujua kikombe gani. Akatoa kiki, akalegeza waya wa klachi, akafungua kava la kulia. Mwisho wa krenki kuna kikombe cha chuma kinachozunguka nayo. Injini hizi hazina chujio la karatasi kama la gari. Oili ikitoka kwenye pampu inapita kwenye kikombe hicho, uchafu mzito unatupwa ukutani kwa mzunguko na kubaki pale, kisha oili inaendelea hadi kwenye konrodi.

Alipofungua skrubu tatu za mfuniko wake, kikombe kilikuwa kimejaa. Siyo tope la kumiminika: ni udongo mgumu wa kijivu, umeshikana kama mfinyanzi uliokauka. Dawa ilikuwa imelainisha tabaka la juu tu. Alikikwangua kwa kijiti cha mwanzi, akakataa kutumia bisibisi ili asichimbe chuma, akaziba tundu la katikati kwa kitambaa ili uchafu usiingie kwenye krenki, akamalizia kwa petroli na brashi. Kuondoa gasketi ya zamani kulichukua muda kuliko kikombe chenyewe, maana ilikuwa imeshikamana na kava. Gasketi mpya 2,000, ufundi 10,000.

Tofauti niliisikia asubuhi iliyofuata. Injini ilitulia, na nilifika Mzumbe bila ile harufu ya kuungua niliyokuwa nimeizoea.

Kwa hiyo dawa inafanya kazi kwenye uchafu laini: kwenye kuta, kwenye kichwa cha injini, kwenye kifuniko. Kwa pikipiki iliyotunzwa ningeitumia tena bila wasiwasi. Kwa iliyotelekezwa kama yangu, ningeanza na kikombe na chujio, ndipo dawa ifuate. Mimi nilienda kinyume, na nikikumbuka chujio lile lililozibwa nusu naogopa, kwa sababu uchafu ulioachia wote kwa pamoja ungeweza kuliziba kabisa, injini ikakauka oili barabarani.

Sasa namwaga kila kilomita 1,000. Ile ya mwisho ilitoka rangi ya kahawia, na ukiisugua kwa vidole ni laini. Oili chafu naiweka kwenye dumu, anaichukua seremala jirani kupaka mbao dhidi ya mchwa. Kikombe nitakifungua tena mwezi wa sita, wakati wa likizo.