Kipalizi cha kusukuma: kwenye jaruba lenye maji kizuri, kwenye matandazo usijisumbue

Wakulima wenzangu wa mpunga huku kusini, hiki kidude nimekitumia msimu mzima kwahiyo sasa naweza kuongea. Nilikinunua kwa fundi wa kuchomelea mjini Mtwara, 90,000, hela ya korosho ilipoingia tu maana mnaijua ile hela, ukiichekea wiki mbili imeshaondoka bila kuaga. Wengine wanakiita wida, mi nakiita kipalizi cha kusukuma, bibi yangu anakiita baiskeli isiyo na tairi.

Kwa ambao hawajakiona, ni mpini mrefu wa bomba, mbele kuna bati limekunjwa kama pua ya mtumbwi linateleza juu ya tope, nyuma yake kuna koni mbili za chuma zenye meno, moja imeelekea kulia nyingine kushoto. Ukisukuma zinazunguka zinang'oa majani na kuyazika kwenye tope yanaozea humohumo. Hamna mafuta, hamna plagi, hamna cha kuagiza spea Dar. Unasukuma, unavuta nyuma kidogo, unasukuma tena, kama mtu anadeki sebule.

Mi nalima Kitere, jaruba mbili ziko chini kwenye maji na kipande kama robo tatu eka kiko juu ambako maji ya mfereji hayafiki. Chini nimepandikiza mbegu ya mpunga ya Saro 5 kwa kamba, sentimita 25 kwa 25, na hapo ndo pa kuangalia kabla hujatoa hela yako, maana kama wewe ni wa kumwaga mbegu au unapandikiza popote mguu unapoangukia basi hiki kitu hakina njia ya kupita, utapalilia na mpunga wako. Na mistari iwe imenyooka kweli. Mi mstari mmoja kamba ililegea sikujali, siku ya palizi nimeshaangusha mashina kama kumi na moja ndo nashtuka.

Palizi ya kwanza niliingia siku ya 14 toka nipandikize, maji nimeyapunguza yakabaki ya kufunika vidole vya miguu tu, na hapo aisee kinafanya kazi sio mchezo. Jaruba ambalo msimu uliopita vibarua wanne walishinda siku mbili migongo imepinda, mi na shemeji tumelimaliza kabla ya saa sita tukakaa kivulini tunatafuna ming'oko, vile viazi vya porini. Maji yakiwa mengi kinaelea hakishiki chini, yakikauka tope linang'ang'ania koni hazizunguki, kwahiyo lazima uwe unaelewana na jirani mnayegawana naye mfereji, la sivyo siku yako ya palizi ndo siku yake ya kufungulia maji. Nilirudi tena siku ya 25 na nyingine kama siku ya 36, baada ya hapo mpunga umeshafunga nafasi kati ya mistari huwezi kupita.

Ila asikudanganye mtu kwamba ukiwa nacho mikono inapumzika. Kinapita katikati ya mistari tu, kilichoota shinani kwa mpunga hakikigusi, inabidi uiname uvute kwa mkono. Na hapo ndo bibi alinitoa ushamba. Nilikuwa navuta majani shinani kwa kasi, akaniambia "wewe mume wangu, mbona unang'oa chakula unaacha jani?" Akachukua jani la mpunga akalivuta taratibu kwenye kiungo pale linapokumbatia shina, nikaona kuna kiulimi cheupe chembamba kimesimama. Akachukua jingine ambalo mi naapa lilikuwa mpunga mtupu, akalivuta, hamna kitu, pako laini tu. Ile ndo nyasi inayojifanya mpunga, ikishatoa masuke ndo unaijua na saa hizo imeshakula mbolea yako yote. Toka siku hiyo nikiwa na wasiwasi navua jani naangalia kiulimi. Mpunga pori nao ni mkasa mwingine kabisa, huo ulimi anao tena mrefu kuliko wa mpunga wenyewe, na chini ana mizizi inayotambaa, ukikata unaota upya. Ndago vilevile, koni zinakata juu vile vitunguu vyake vinabaki chini vinakucheka, baada ya wiki kijani tena.

Ubovu wa kidude chenyewe sasa. Siku ya tatu tu ekseli ya koni ya nyuma iliachia pale ilipochomelewa, nikatembea na mpini begani kama mtu anatoka kuvua hajapata kitu. Nikamrudishia fundi akachomelea bure hilo nampa, lakini hakuweka bushi, chuma kinasagana na chuma na tope linaingia humohumo, kila jioni inabidi ukioshe na kukipaka oili chafu usipofanya hivyo kesho kinapiga kelele kama mlango wa ghala. Mpini nao ni mfupi kwa mtu mrefu, nimemaliza msimu kiuno kinadai.

Tuje kwenye kilichoniudhi. Shamba la juu mi nafanya kilimo hifadhi, silimi, mabua na majani ya msimu uliopita nayaacha yafunike ardhi, napanda mpunga kwa kijiti na ukitoka naweka choroko au kunde. Nikamuuliza fundi hiki kitafaa kwenye matandazo? Akajibu "kinaenda popote kaka." Hakiendi. Nimesukuma hatua tatu, mabua yamejisokota kwenye koni kama uzi kwenye cherehani, nasimama natoa, nasukuma nasimama. Na ardhi ambayo hujaitifua ni ngumu, meno yanaparuza juu tu. Halafu hata kingeweza, si ndo kingekuwa kinavuruga udongo ambao mwaka mzima najitahidi nisiuvuruge? Bwana shamba alivyoniona alicheka mpaka akashika goti.

Na huku juu ndo kuna magugu haswa, maana miaka ya mwanzo ukiacha kulima mbegu zote za magugu zinabaki juujuu hakuna jembe la kuzifukia, zinaota kwa pamoja. Kilichonisaidia ni matandazo yenyewe, pale yalipokuwa mazito hata udongo hauonekani palitoka vijani vya kuhesabu, pale ambapo ng'ombe waliingia usiku wakala mabua yangu palikuwa pori. Halafu dawa ya kuua magugu kabla ya kupanda, glaifoseti, ambayo mara ya kwanza nilichanganya na maji ya mfereji yenye tope nikaua nusu ya majani nusu yakawa njano yakafufuka. Kumbe udongo ulio kwenye maji unaishika ile dawa inakosa nguvu, mara ya pili nikachota maji masafi ya kisima, yakakauka yote. Ndago zilizobaki nimepuliza tufodi (2,4-D, dawa nyingine ya magugu) mpunga ukiwa umeshatoa machipukizi, upepo ukaipeleka kwenye muhogo wangu mwenyewe pembeni, majani yakajikunja kama mkia wa nguruwe. Hilo sina wa kumlaumu, solo, lile bomba la kupulizia, nilibeba mi.

Kwahiyo kwa jaruba lenye maji na mistari nakipa saba kwa kumi, ingekuwa nane kama kingekuja na bushi. Kwa shamba la matandazo sikipi hata mbili, kamata fyekeo na mikono yako. Kama mna jaruba ndogondogo nunueni kimoja watu watatu wanne mzungushane, ila mpangane siku maana wote magugu yanawachipukia wiki moja, mi nimeshaazimwa na watu wawili na wa pili mpaka leo hajakirudisha anasema kiko kwa mjomba wake Mikindani. Fundi nimemwagiza kingine, mpini mrefu, ekseli ya bolti sio ya kuchomelea, bei tutaongea minada ya korosho ikifunguliwa.